Mwalimu wa dawa za Kichina akifariki: namna ya kuokoa daftari na droo zake

Hitma ikishasomwa na tanga kuondoshwa, watu wa nyumbani huanza kusafisha chumba cha marehemu. Hapo ndipo elimu inapopotea. Daftari huchanganywa na makaratasi ya kuwashia moto, mizizi iliyokauka humwagwa jaani. Kwa mwalimu wa dawa za Kichina hasara huwa kubwa zaidi, awe alisomea China au alijifunza kwa madaktari wa Jiangsu, jimbo la China, ambao timu zao zinakuja Zanzibar tangu 1964 na kufanya kazi hospitali za Mnazi Mmoja na Mkoani. Daftari lake huwa na Kichina, Kiswahili na pengine Kiarabu ndani ya ukurasa mmoja, na asiyekaa naye hawezi kulisoma. Wanafunzi mnaotaka kumkumbuka, muombeeni dua, kisha ifanyeni kazi hii mapema.

Anzeni na ruhusa. Mizani, vitabu, hata mizizi ndani ya chupa ni mali ya warithi. Msichukue kitu kwa hoja ya kuwa mlikuwa wanafunzi wake. Mjane yumo edani miezi minne na siku kumi, basi wanafunzi wa kike ndio wakae naye, tena kwa utaratibu. Mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa akiangalia chungu, na anayajua ambayo hayakuandikwa: moto uliwekwa wa namna gani, maji yalifika wapi, ganda gani lilitangulia na jani gani lilitiwa mwisho. Muulizeni hayo hasa. Mkimwambia "tueleze dawa zake", atakutajieni majina tu.

Kabati msiliguse kabla ya kulipiga picha zima, kisha droo moja moja. Mpangilio wake ni sehemu ya elimu. Katika maduka ya dawa ya Kichina maua na majani mepesi hukaa juu, madini na maganda ya kome hukaa chini kwa uzito wake, na dawa zinazopikwa pamoja huwekwa jirani. Zenye sumu hutengwa. Zipeni droo namba kuanzia juu kushoto, na namba hiyo iandikwe kwa penseli juu ya kila kinachotoka humo. Wino huchuruzika kwa unyevu wa masika.

Kurasa za daftari zipigwe picha kutoka juu, kwa mwanga wa dirishani bila taa ya simu, rula ikiwa kando. Pigeni hata kurasa zilizofutwa, maana alichokikata mwalimu hukwambia alijaribu nini akakiacha. Majina ya wagonjwa yafunikwe kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga. Hiyo ilikuwa siri baina yao na yeye.

Vipimo ndivyo vinavyoharibu kazi nyingi. Qian na liang ni vipimo vya uzito vya Kichina. Qian moja katika dawa huhesabiwa karibu gramu 3, na liang ya fomula za karne za karibuni ni kama gramu 30, lakini liang ya sokoni China leo ni gramu 50. Atakayegeuza liang bila kuangalia ataongeza dawa kwa thuluthi mbili. Pale alipoandika "ukufi mmoja", msibuni gramu. Watafuteni wanafunzi watatu waliopima mbele yake, kila mmoja achote mara tano, pimeni na muandike kiwango cha chini na cha juu. Neno "ukufi" nalo libaki palepale.

Namna ya kutayarisha iandikwe kwa urefu kuliko kitu chochote. Katika karne ya 4 Ge Hong, tabibu wa China, aliandika kwamba kwa homa za vipindi mtu achukue konzi moja ya qinghao (mmea wa jamii ya Artemisia), airoweke katika maji, aikamue na anywe maji yake. Hakutaja kuchemsha. Tu Youyou, mtafiti wa dawa wa China, aliposoma maneno hayo alitambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye joto dogo, na 1971 akapata dondoo lililoua vimelea vya malaria kwa wanyama wa maabara. Tuzo ya Nobel ilimfika 2015. Laiti ingeandikwa "qinghao, kwa homa" tu, pasingekuwa na cha kusoma.

Halafu sehemu ya mti. Tangawizi mbichi ni shengjiang, kavu ni ganjiang, na kwa Wachina hizo ni dawa mbili. Mdalasini unahitaji uangalifu zaidi hapa kwetu. Rougui ni ganda la Cinnamomum cassia: nene, gumu, la tabaka moja. Mdalasini wa mashamba yetu ni Cinnamomum verum, mwembamba, tabaka juu ya tabaka kama karatasi iliyokunjwa, unavunjika kwa vidole. Msiandike "mdalasini" mkaishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji mzizi uitwao fangji ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, wa jamii ya Aristolochia, na wanawake wengi waliotumia vidonge vya kupunguza unene wakaharibikiwa na figo.

Kwa hiyo kila mmea alioupanda mwenyewe ukaushwe na kuhifadhiwa. Kateni tawi lenye ua au tunda, lisizidi karatasi ya sentimita 42 kwa 28. Litandazeni ndani ya gazeti na mgeuze jani moja ili mgongo wake uonekane. Banisheni kwa mbao mbili na mawe. Gazeti libadilishwe kila siku kwa siku nne za mwanzo. Hapa ndipo watu huzembea, na kwa hewa yetu ya chumvi jani hugeuka jeusi na kuota ukungu. Wekeni jani shavuni: likiwa bado na ubaridi, halijakauka. Likishakauka, lifungeni ndani ya mfuko wa plastiki, liwekeni frizani siku saba kuua wadudu, na msifungue mfuko mpaka lirudi joto la chumbani, la sivyo litalowa upya. Lebo iwe na jina la Kichina, jina la kienyeji pamoja na mahali linapotumika (Unguja na Pemba hutofautiana), sehemu inayotumika, mahali lilipokatwa, tarehe na jina la mkataji.

Chupa isiyo na jina msiionje. Fuzi mbichi, mzizi wa Aconitum, husimamisha moyo, na iliyopikwa haitofautishwi nayo kwa macho ya asiyezoea. Zifungeni, muandike "haijulikani", mzipeleke Wakala wa Chakula na Dawa.

Nakala za daftari ziwe mbili: moja kwa warithi, ya pili kwa mwanafunzi waliyemkubali. Zikaguliwe pamoja na mimea iliyokaushwa kabla ya masika na baada yake. Penye unga mwembamba chini ya karatasi, fukusi ameshaingia, basi kifurushi hicho kirudi frizani siku hiyohiyo.