Kukagua Mkoba wa Mtumba Kabla ya Kuulipia

Mkoba wa mtumba hauchakai kama gauni. Gauni lililovaliwa kidogo ni jema kuliko lililovaliwa sana, na jicho peke yake linatosha kuamua; lakini mkoba, hasa wa ngozi bandia, unaweza kuwa haukutoka kabatini kwa mwenyewe hata mara tatu, ukafika soko la Karume pale Ilala, Dar es Salaam, ukiwa unang'aa, kumbe umekwisha kufa. Ngozi bandia nyingi ni kitambaa kilichopakwa plastiki iitwayo poliyurethani, na tabaka hilo huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewa, mkoba uwe unatumika au umewekwa tu. Kwa hiyo, usiutazame uchakavu kabla hujautafuta umri.

Nililijifunza hilo kwa mkoba mweusi usio na mkwaruzo hata mmoja. Wiki ya tatu, tukiwa ndani ya daladala, mama aliyeketi karibu nami aliniambia kwa upole, "Mwanangu, jifute begani." Vilikuwa vipande vya mkoba wenyewe, vyembamba kama magamba ya dagaa, vilivyobanduka kwenye mkanda na kuganda kwenye blauzi yangu nyeupe.

Anza basi pale mkoba unapokunjika kila siku: chini ya pete za mishikio, kwenye kona za kitako na kwenye mkunjo wa kifuniko. Ikunje sehemu hiyo kwa vidole viwili, kisha isugue kwa kidole gumba huku umeibana. Ngozi halisi hutoa mikunjo midogo isiyolingana na hurejea ilivyokuwa unapoiachia, ilhali ngozi bandia iliyozeeka hupasuka nyufa nyembamba zinazoonyesha kitambaa chini yake, au huacha unga kidoleni. Ikinata kama peremende iliyoanza kuyeyuka, urudishe mkoba ulipoutoa bila hata kuuliza bei, kwa maana hakuna fundi anayeweza kuitibu hali hiyo.

Ili kujua kama ni ngozi kweli, tafuta ukingo ambao haukupakwa rangi, kwa mfano ndani ya matundu ya mkanda au nyuma ya kifuko kidogo cha ndani. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana bila mpangilio, mara nyingi zenye rangi ya kijivu inayoelekea buluu kutokana na kromi iliyotumika kuisindika. Ngozi bandia huonyesha kitambaa kilichofumwa, na plastiki juu yake. Baadhi ya wauzaji watakuwashia kiberiti cha gesi ili wakuthibitishie, lakini mwali uliopitishwa haraka hauthibitishi kitu, na ukikawia huunguza hata ngozi nzuri. Jina lililoandikwa mbele nalo si ushahidi. Lile turubai la kahawia la Louis Vuitton lenye herufi na maua, lililobuniwa mwaka 1896, ni kitambaa kilichopakwa wala si ngozi, hivyo muuzaji anayekuapia kwamba mkoba wa namna hiyo ni "ngozi tupu, dada" amekwisha kukujibu maswali mengine yote.

Vyuma vikaguliwe kwa sumaku, nayo huna haja ya kuibeba, kwa sababu mikoba mingi ina kifungo cha sumaku: uombe mmoja ulio jirani, uugusishe kwenye pete na bizimu za huo unaoutaka. Kinachong'ang'ania sumaku huwa ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya dhahabu, na kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, chuma hicho kitashika kutu mara rangi itakapochubuka.

Zipu uifungue na kuifunga mara tatu, na mara ya tatu uivute kidogo kwa upande. Ikiachia nyuma ya kichwa chake ilhali meno yote yapo, mara nyingi kosa ni la kichwa kilicholegea, na fundi atakibana kwa koleo au kukibadilisha kwa gharama ndogo. Hiyo ni kasoro ya kuitaja wakati wa kupatana bei. Ikiwa meno yamekatika, zipu nzima itatolewa, bitana itafumuliwa na kushonwa upya, na ufundi unaweza kuzidi bei ya mkoba.

Mwisho, geuza mifuko ya ndani nje na unuse. Doa la wino halina madhara. Harufu ya kuvu, hata ikiwa hafifu, ina maana kwamba ukungu umeingia kati ya bitana na ngozi, na kuufukiza mkoba kwa udi, kama wengi tunavyopenda kufanya, huificha harufu hiyo kwa siku mbili tu. Ukiridhika, omba ruhusa utie vitu vyako mwenyewe, yaani simu, chupa ya maji na kitenge, uutundike begani na utembee hatua chache ukiitazama mishono ya mishikio inavyovutika.

Ukifika nyumbani, ukung'ute, uupanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha uuache kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali huikausha ngozi hadi ikapasuka. Ndani yake ujaze magazeti yaliyofungwa katika kitambaa ili wino usihamie kwenye bitana, na uuhifadhi ndani ya foronya ya pamba ukiwa umekalia kitako chake, si kwa kuutundika kwa mishikio. Mfuko wa plastiki, hata kama bado unao mmoja uliosalia tangu kabla ya marufuku ya Juni 1, 2019, usiutumie, maana huufungia unyevu ndani pamoja na mkoba.