Dawa ya shamba inakaa ardhini muda gani? Hesabu yake hatua kwa hatua kwa wanaoanza PhD

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa sumu kwenye udongo, siku ya kutetea proposali lazima mtaulizwa hiyo dawa inakaa ardhini muda gani, na wengi wanajibu kwa namba waliyoinakili mahali. Namba nyingi za hivyo zimetoka Ulaya, kwa udongo wa kwao, nyuzi 20. Wewe uko Arusha. Ihesabu mwenyewe.

Hatua ya 1. Chagua dawa moja. Mimi natumia klopirifosi, dawa ya kuua wadudu, kama mfano, wakulima wa mboga na kahawa wanaijua vizuri.

Hatua ya 2. Iandike kwa maandishi ya SMILES ili kompyuta iisome: CCOP(=S)(OCC)Oc1nc(Cl)c(Cl)cc1Cl. Zile Cl tatu ni klorini, na kawaida klorini zikizidi bakteria wanapata kazi ngumu kuivunja molekuli. Bandika kwenye BIOWIN, ni ya bure, imo ndani ya EPI Suite, programu ya Marekani, itakupa makadirio kama inaoza haraka au taratibu. Halafu nenda tovuti ya enviPath ukaone bakteria wanaweza kuivunja kwa njia zipi. Sasa hapo usishangilie, hizo modeli zimefundishwa na data za maabara na hazijawahi kuona udongo wa Ngaramtoni.

Hatua ya 3. Udongo, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Chota wa juu, sentimita 0 hadi 20, pita sehemu kadhaa za shamba uchanganye, chekecha kwa chekeche la milimita 2. Usiuanike juani ukawa mkavu kama wa kufinyangia vyungu, maana unaua walewale unaotaka kuwapima, kama huanzi leo weka friji nyuzi 4. Udongo wetu wa volkano ya Meru mara nyingi una mboji nyingi na klopirifosi inaing'ang'ania mboji, kwa hiyo dawa inaweza kuwepo na bakteria wasiifikie. Pima kaboni ya udongo wako, usikisie. Ugawe mara mbili: nusu hai, nusu iliyochemshwa kwa presha nyuzi 121, rudia tena kesho yake maana mbegu za bakteria ni sugu. Weka kwenye chupa, tia dawa sawa kote, weka gizani, nyuzi 20, lindia unyevu kwa kupima uzito wa chupa na kuongeza maji yaliyopungua, mifuniko isibane kabisa hewa iingie. Chukua sampuli siku ya 0, 3, 7, 14, 28 na 56, na kila ukitoa ingiza friza hapohapo.

Hatua ya 4. Eksel. Ukishapima dawa iliyobaki kwenye kila sampuli, chora logi asilia ya kiasi hicho dhidi ya siku, mteremko wa mstari, ukiondoa alama ya kutoa, ndo k yako, yaani kasi ya dawa kupungua kwa siku. Tuseme chupa hai zimekupa 0.035 kwa siku na zilizochemshwa 0.010. Ile 0.010 ni maji na kemia tu, bakteria hawahusiki, itoe, inabaki 0.025. Gawa 0.693 kwa 0.025, unapata kama siku 28 dawa kupungua nusu kwa kazi ya bakteria. Usingekuwa na chupa za kuchemsha ungesema siku 20 ukawapa bakteria sifa zisizo zao, na wasimamizi wengi kosa hilo wanalipitisha tu, sijui kwanini.

Hatua ya 5. Joto. Ulaya wanatumia kigezo cha 2.58, yaani joto likipanda nyuzi 10 kasi ya kuoza inazidishwa kwa 2.58. Dawa inayopungua nusu kwa siku 50 kwenye nyuzi 20 inakuwa kama siku 31 kwa nyuzi 25, ila kwa nyuzi 12 inafika 107. Kwa hiyo Julai ya Arusha tunavyovaa masweta na Februari ya Moshi usiziwekee namba moja, na joto pima la udongo wenyewe, la hewa linadanganya.

Hatua ya 6. Mtoto wa dawa. Klopirifosi ikivunjika inatoa TCP (trikloropiridinoli), ambayo inayeyuka kwenye maji zaidi ya mama yake na inaweza kuwadhuru haohao bakteria wanaoivunja. Ukiona mstari unaanza vizuri halafu unalala, ichunguze hiyo kwanza kabla ya kulaumu mashine ya kupimia. Ipimie k yake pia, iweke kwenye jedwali pembeni ya mama.