Namna ya kusoma riwaya ya shajara pamoja na wenzako

Mbalamwezi ikikaza, Kibirizi, mwalo wetu wa wavuvi hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, inapoa. Ziwa likiwa jeupe dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapandisha mitumbwi, na sisi tunaonunua na kuanika tunabaki na siku kadhaa za kukaa. Siku hizo ndizo tunazosomea. Tunakutana barazani kwangu, Ujiji, baada ya Alasiri: kina mama wenzangu wa mwaloni, mwalimu mmoja mstaafu, kijana wa bodaboda, na bibi jirani ambaye hasomi ila anasikiliza kuliko sisi sote.

Tumesoma riwaya za kila aina, na sijaona zinazogawa watu kama zile za shajara, ambamo mhusika anaandika mwenyewe kwenye daftari lake siku baada ya siku. Mmoja atafuta machozi. Mwingine atasema, "Huyu analalamika tu, hakuna kinachotendeka." Wa tatu atauliza kwa nini tumwamini mtu anayejiandikia mambo yake. Maoni yote hayo yana haki ya kusikilizwa, lakini yakiachwa yajiendee, jioni inaisha kwa ubishi na kitabu hakijaguswa. Ukiwa na kikundi chako, fanya hivi.

Anza na daftari lenyewe kabla ya kuingia kwenye hadithi. Uliza: daftari hili limetufikiaje? Nani alilikuta, na mwenyewe yuko wapi? Nilijifunza hilo kwa kosa langu. Tulikuwa na nakala moja ya Boi, riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kameruni iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1956, jalada lake nimelishona kwa uzi wa nyavu. Kurasa za mwanzo nilizidhania ni dibaji nikaziruka. Kumbe ndipo palipo na ufunguo. Msimulizi yuko Guinea iliyokuwa chini ya Wahispania, usiku anapelekwa kumwona kijana Mkameruni, Toundi, naye anakata roho. Katika furushi lake yanakutwa madaftari mawili. Toundi aliyaandika kwa Kiewondo, na aliyeyapata ndiye anayetusomea kwa lugha nyingine. Sisi tuliingia moja kwa moja kwenye daftari la kwanza, tukasoma siku nne tukicheka na Toundi na kumtabiria makuu. Niliporudi kwenye zile kurasa na kuzisoma kwa sauti, baraza lilinyamaza. Bibi akaniambia, "Mwanangu, ungetuambia mapema kwamba tunasoma maneno ya marehemu." Alikuwa na haki ya kunilaumu. Mwenye shajara hawezi kuandika kifo chake. Lazima mkono mwingine uandike. Utafute mkono huo kwanza.

Halafu soma kwa siku, usihesabu sura. Mtu mmoja asome andiko la siku moja kwa sauti, afunge kitabu, kisha uulize swali moja tu: leo huyu anajua nini? Kwangu hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na ubishi mwingi wa wasomaji unatokana na kulisahau. Mwalimu wetu alishikilia kwamba Toundi ni mjinga: anajua siri ya mke wa Komandanti, mkuu wa kikoloni anayemtumikia nyumbani, anajua inaweza kumponza, na bado kila asubuhi anaenda kazini. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Kijana wa bodaboda ndiye aliyekata shauri: "Mwalimu, shikamoo yako naiheshimu, lakini wewe unamhukumu kwa kesho yake. Yeye bado yuko leo." Riwaya ya kawaida husimuliwa na mtu aliyekwisha kufika mwisho. Shajara huandikwa na mtu aliye katikati ya ziwa usiku, haoni pwani wala hajui upepo utageuka saa ngapi.

Sehemu zisizoandikwa nazo zisomwe. Hapa huwa natoa daftari langu la biashara, lile la ndoo ngapi nimenunua, kwa bei gani, nani anadaiwa. Kuna kurasa tatu zinazofuatana zenye neno moja moja tu: Mvua. Mvua. Mvua. Asiyenijua atasema siku hizo sikuwa na la kuandika. Siku hizo dagaa wangu wote waliozea kwenye chanja, mtaji wa mkopo ukaenda nao, na kalamu ilikuwa nzito mkononi. Nikilizungusha daftari hilo wakaliona kwa macho yao, hakuna tena anayeniambia kwamba kimya cha mhusika ni uvivu wa mwandishi. Wanaanza wenyewe: mbona jana kaandika kurasa sita na leo mistari miwili?

Suala la kumwamini au kutomwamini mwenye shajara tunalitembelea kwa miguu, maana sisi wa Ujiji tuna bahati. Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, chini ya miembe, ndipo alipokutwa na Stanley mwaka 1871. Wote wawili walikuwa watu wa kuandika. Stanley anataja tarehe 10 Novemba. Kwa hesabu ya siku ya Livingstone mwenyewe, mambo hayo yanaangukia mwishoni mwa Oktoba. Angalau mmoja wao alikuwa amepotewa na kalenda safarini. Nawasimamisha wenzangu pale nawauliza: kama watu wawili wa kweli wanapishana juu ya siku waliyoonana uso kwa uso, mhusika wa kubuni tumdai nini? Tofauti ni moja. Kosa la mtu wa kweli ni kosa. Kosa la mhusika limewekwa pale na mwandishi, nasi tunatakiwa kuliona hata kama mhusika halioni. Toundi anakimbia kwa baba yake kwenda kwa padri aliyekuwa akiwarushia watoto vibonge vya sukari, na anaeleza kwa furaha. Baadaye anachungulia shajara ya padri huyo na kukuta teke alilopigwa limehifadhiwa humo. Anastaajabu jinsi Wazungu wanavyojua kutunza kila kitu. Yeye anastaajabia utunzaji; mama mmoja kati yetu alikuwa anatetemeka kwa ajili ya teke.

Angalia pia daftari linasema na nani. Katika Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979, Ramatoulaye anaandika akiwa edani baada ya kufiwa na mumewe, miezi minne na siku kumi, na maneno yake anayaelekeza kwa rafiki yake Aissatou. Kwetu Ujiji eda haihitaji kufafanuliwa. Mmoja wetu aliyewahi kukaa eda alisema daftari lingemfaa kuliko wageni. Lakini kijana wetu alikuwa na hoja nzuri: mbona anamsimulia Aissatou mambo ya ndoa ya Aissatou mwenyewe, kwani hayajui? Sikumzima, nawe usimzime wako. Mama yule alimjibu kwamba ukifiwa unarudia mambo ili uyasikie mwenyewe. Kijana hakukubali. Hoja zote mbili zilibaki barazani, na mimi naona zote ni za kweli.

Wale wanaosema hakuna anayekumbuka mazungumzo ya nusu saa neno kwa neno, wakubalie upesi muendelee. Hayo ni makubaliano ya msomaji na kitabu, kama tunavyomkubali sungura anayesema.

Mwisho, maoni usiyakusanye siku ya mwisho. Siku hiyo kila mtu anasema "nimependa" au "sijapenda", basi. Mpe kila mmoja karatasi siku ya kwanza aandike mistari miwili mitatu kila tukikutana, aweke siku, na asifute. Bibi anasema, mjukuu wake anaandika. Kitabu kikiisha, kila mtu asome maoni yake kwa mpangilio wa siku, hata yale anayoyaonea aibu. Kijana wa bodaboda aliniruhusu niyaweke ya kwake hapa:

Jumatatu. Simpendi. Amemwacha baba yake kwa ajili ya sukari.

Alhamisi. Wamempiga. Nimefunga kitabu, nimeenda kuosha pikipiki.

Jumamosi. Kumbe alikuwa mtoto.