Wembe chini kwanza: namna ya kukaa na wateja siku gaidi mkubwa anapouawa

Jumatatu ya tarehe 2 Mei 2011 nilimwacha mzee wa watu atoke saluni kwangu na nusu kichwa. Saluni yangu iko Mwanga, hapa Kigoma mjini, hatua chache kutoka sokoni. Mzee alikuwa amepanda Hiace kutoka Ujiji kama kawaida yake, na nilikuwa nimeshamaliza upande wa kulia. Redio ikasema Osama bin Laden ameuawa na makomandoo wa Marekani, mji wa Abbottabad, Pakistani. Mashine ikiwa bado mkononi nikapiga ukelele, "Afadhali! Amekwisha!" Nikaongeza sauti ya redio. Vijana wawili kwenye benchi wakashangilia kama Simba imefunga dakika ya tisini. Mzee akasema taratibu, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Kijana mmoja akamgeukia, "Kumbe unamlilia, mzee?"

Mzee hakujibu. Alivua shuka la kunyolea, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akavaa kofia yake akatoka. (Hata angebaki nisingemmaliza, maana umeme ulikatika muda mfupi baadaye. Miaka hiyo Kigoma tulikuwa tunaishi kwa majenereta.)

Nawaandikia wenzangu wenye vijiwe: vinyozi, wauza kahawa, wenye vibanda vya mpira, na hata nyie wa bodaboda mnaokaa pale chini ya mwembe. Habari za namna hii huja bila hodi, na zikifika zinakuta watu wa kila aina wamebanana kwenye benchi moja.

Kitu cha kwanza, weka chini ulichoshika. Kama ni wembe, uweke kabisa mezani. Kisha punguza redio, usiizime. Ukizima, watu watadhani unaficha jambo na kila mtu atatoa simu yake. Ikisikika kwa chini, watasogea kusikiliza, na mtu anayesikiliza hapigi kelele.

Halafu jiulize wewe mwenyewe umesimama wapi, maana kelele za saluni yangu siku ile nilizianzisha mimi. Mwaka 1998 nilikuwa Dar es Salaam, Kinondoni, kijana najifunza kunyoa. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti, bado hatujafika saa tano asubuhi, tukasikia kishindo, vioo vikatetemeka ukutani. Fundi wangu alidhani ni kituo cha mafuta. Kumbe ni ubalozi wa Marekani, barabara ya Laibon, umelipuliwa kwa bomu na al-Qaida, kundi la Osama. Walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Nairobi, asubuhi hiyohiyo, walikufa 213, na huko nako wengi walikuwa Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao. Kwa hiyo kwa karibu miaka 13 nilikuwa nimeweka deni moyoni, nikijua siku huyu mtu akifa nitalala usingizi mnono. Jioni ile ya 2011 nilikaa nje ya nyumba yangu nikawa kama mtu aliyekwenda kudai deni akakuta mdaiwa amehama. Sikuwa na furaha niliyoisubiri. Nilikuwa na aibu ya mzee, na hasira ambayo sikujua niipeleke kwa nani.

Ukishajua kwamba hata wewe huna moyo mmoja juu ya jambo hilo, hutashangaa kuona mteja anacheka saa tatu na saa nne amenyamaza.

Sasa maneno. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Kiswahili kina maneno mengi ya kifo na kila moja lina upande wake. Ukisema "hayati" umempandisha, neno hilo tumezoea kulisikia kwa Mwalimu Nyerere. Ukisema "marehemu", wapo watakaokuuliza amerehemewa na nani, kwa sababu asili ya neno ni mtu aliyepata rehema, ingawa siku hizi tunamwita hivyo kila aliyekufa, hata mwizi wa kuku. "Amefariki" ni la adabu mno kwa wengine. "Amekwisha", lile langu, ni la ushabiki. Mimi nimebaki na "ameuawa". Linasema kilichotokea na halimwombei mtu wala halimtukani. Mteja akitumia jingine, mwache nalo, usimsahihishe mbele za watu.

Na lile la mzee, mtu asije akalifanyia makosa niliyoyafanya. Maana yake ni kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Halimsifu aliyekufa. Muislamu hulisema kwenye kila msiba, mkubwa kwa mdogo, na halina uhusiano na kukubali matendo ya mtu. Anayelisema anajikumbusha na zamu yake.

Kuna swali moja ambalo kwangu limepigwa marufuku: kumuuliza Muislamu, "Wewe unasemaje kuhusu huyu mwenzenu?" Ujiji ni mji wa Waislamu wa tangu enzi za misafara, nusu ya wateja wangu wanatoka huko, na mtu akikaa kwenye kiti changu amekuja kunyolewa, hajaja kutoa ushahidi. Baadaye mzee aliniambia kilichomuuma kwa hakika. Januari mwaka uleule mahakama ya New York ilikuwa imemfunga maisha Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, kwa kesi ya mabomu ya 1998. Kila jina la namna ile likitajwa redioni, akasema, abiria kwenye Hiace wanaitazama kanzu yake. Alichukia yale mabomu kuliko mimi, na alikuwa amechoka kuombwa athibitishe.

Yupo pia wa aina nyingine, ambaye hasemi chochote. Siku ile kwenye benchi kulikuwa na kijana wa Kirundi, fundi cherehani. Watu waliposhangilia, yeye alisimama akachungulia barabarani, kulia na kushoto. Nilimuuliza kesho yake. Akanijibu, "Kaka, kwetu mkubwa akiuawa, watu wanafunga milango kwanza, wanasubiri kuona nani atalipiza." Alikuwa mtoto mwaka 1993 Rais Ndadaye alipouawa. Ndadaye hakuwa gaidi, alikuwa rais aliyechaguliwa na watu, lakini mwili wa yule kijana hautofautishi: tangazo la kuuawa kwa mtu mkubwa ni tangazo la kukimbia. Mtu kama huyo usimvute kwenye mazungumzo. Mpe maji, mwache akae karibu na mlango.

Ubishi wa maziko nao utakuja, ujiandae. Wamarekani walisema waliuosha mwili wa Osama, wakauvika sanda, wakauzika baharini kutoka meli ya kivita Carl Vinson, yote ndani ya siku moja. Hapa kwetu jambo hilo liliwagusa hata waliokuwa wakishangilia. Wavuvi wa Kibirizi wanajua familia inayomsubiri mtu aliyemezwa na Ziwa Tanganyika inavyoteseka, haina kaburi la kwenda kupalilia. Mmoja wao, Mkristo, alisema hata adui angepewa futi sita za udongo. Mwingine akamjibu kwamba waliokufa Dar hawakuulizwa wanataka kuzikwa lini. Sikuwaamulia. Huko Misri, Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb, alikuwa naye ameyapinga maziko hayo, kwa hiyo kinyozi wa Mwanga ni nani? Kazi yako ni kuhakikisha wanazungumza mmoja mmoja. Mimi nawapa kitana: mwenye kitana ndiye anayesema. Wanacheka, lakini wanafuata.

Picha ni fupi: usipokee, usitume. 2011 ilizunguka picha ya maiti ya Osama, ikawa ni ya kutengenezwa. Serikali ya Marekani haikutoa picha yoyote ya mwili. Tarehe 2 Agosti 2022 tulipoamka na habari kwamba Ayman al-Zawahiri, aliyemrithi, ameuawa kwa droni mjini Kabul, mteja alinyoosha simu kunionyesha "picha yenyewe" kabla sijamfunga shuka. Nikamwambia hapa kwangu simu inageuzwa uso chini. Watoto huletwa kunyolewa asubuhi.

Safari hiyo nilikuwa mtulivu. Redio chini, wembe mezani, nikasema, "Zawahiri ameuawa. Wiki hii tarehe 7 inatimia miaka 24 ya mabomu." Wakanyamaza kidogo. Kisha mama mmoja aliyemleta mjukuu akaanza kusimulia alivyokuwa Dar mwaka ule, na vijana wakamsikiliza mpaka mwisho. Kama yupo aliyekuwepo, mpe nafasi aanze yeye. Asipotaka, usimlazimishe.

Yule mzee wa 2011 alirudi Ijumaa ya wiki ileile, kabla ya swala. Nilimwamkia shikamoo, nikamwomba radhi mbele ya vijana walewale. Akavua kofia. Siku nne alikuwa ametembea nayo bila kuivua hadharani. Nilitaka nimnyoe ule upande uliobaki tu, akakataa, akanionyesha kwenye kioo: wa kulia ulikuwa umeshaanza kuota. Nikaanza upya kichwa kizima. Alilipa mara moja tu, na wala sikumdai.