Mbwa kameza mfupa wa kutafuna mzima mzima: fanya hivi

Simu hizi huja jioni, watu wakishatoka kazini na kupitia dukani: "Dokta, nimempa Simba ule mfupa wa ngozi, kaubugia wote!" Ni ile ngozi ya mnyama iliyokaushwa na kuviringishwa kama mfupa, mbwa atafune. Nipo Njiro, Arusha, natibu mbwa kuliko ng'ombe, na swali langu la kwanza ni moja: anapumua?

1. Tazama pumzi. Anayekohoa kwa sauti bado anapitisha hewa, mwache akohoe. Anayejikwaruza mdomo, macho yamemtoka na sauti haitoki, huyo amekabwa. Inua mdomo wa juu uone fizi. Zikiwa za buluu au nyeupe, una dakika chache tu. Mwenye fizi nyeusi kwa asili, tazama ulimi.

2. Akikabwa. Mmoja amshike, mwingine afungue taya. Ukikiona kitu, kivute. Usipokiona usipapase, utakisukuma ndani. Mbwa mdogo mshike miguu ya nyuma, kichwa kining'inie. Kwa mkubwa, simama nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi pale mbavu zinapoishia, kisha sukuma kwa nguvu kuelekea juu na mbele mara 5. Tazama mdomoni tena.

Ila kama hukumwona akimeza, na udenda unamtoka kana kwamba ana kitu kooni, usiingize mkono kabisa. Kichaa cha mbwa huweza kuonekana hivyohivyo, na huku kwetu bado kipo. Mfungie, mwite daktari wa mifugo. Mate yakishagusa mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali moja kwa moja.

3. Anapumua vizuri? Usimtapishe. Hapa ndipo majirani hujaa na ushauri: maji ya chumvi, mafuta ya kula, maziwa. Chumvi nyingi hudhuru ubongo, mafuta yakipotea njia huingia mapafuni, na kitu kilichoshuka kwa shida huweza kunasa kikipandishwa. Kumtapisha ni uamuzi wa daktari.

4. Je, kimenasa kwenye umio? Mbwa anaweza kupumua vizuri na mfupa bado haujafika tumboni. Hunasa hasa usawa wa moyo, au karibu na mlango wa tumbo. Utamwona ananyoosha shingo, anameza mate tena na tena, na maji aliyokunywa yanarudi yenyewe bila tumbo kujikamua. Usingoje kesho, kwa sababu ukuta wa umio ukibanwa kwa saa nyingi huoza na kutoboka. Mpeleke leoleo.

5. Kimeshuka tumboni. Mpe chakula laini kidogo kidogo, maji yawepo, na umchunguze siku 3. Kinyesi kichokonoe kwa kijiti, vipande vya ngozi vikionekana ni habari njema. Kutapika mara kwa mara, kugoma kula, tumbo gumu au kujikamua bila kupata choo ni dalili za utumbo kuziba. Kama mbwa ni mdogo na kipande kilikuwa kikubwa, piga simu hata akiwa anarukaruka, kwani ngozi hiyo hulowana na kuvimba.

Ukienda kliniki, beba pakiti au kipande kilichobaki. Eksirei huonyesha mfupa halisi vizuri, lakini ngozi mara nyingi haionekani. Taja saa aliyomeza, na usimlishe chochote njiani, huenda akahitaji nusukaputi.