SOMO: Kumsaidia mtoto mwenye disleksia asome Kiswahili, hatua kwa hatua

Mwakeye ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Somo hili niliahidi muda mrefu kwa wale tunaojitolea huku Kigoma mjini na wenzetu wa Kasulu na Uvinza, na walimu pia mmeniuliza sana, leo nimekaa chini nimeandika lote. Ni refu, ila lisomeni mpaka chini kwa sababu maswali mliyotuma nimeyajibu hukohuko.

Kwanza tuelewane disleksia ni nini, maana mtaani inaitwa majina mengi, mara mzembe, mara kichwa kizito, wengine wanasema karogwa. Disleksia ni ugumu wa kusoma na kuandika ambao mtu anazaliwa nao, ubongo unapata shida kushika sauti za maneno na kuziunganisha na herufi, akili yake iko sawa kabisa. Mara nyingi inatembea kwenye ukoo, ukiuliza vizuri utakuta baba au shangazi naye aliteseka darasani. Na sio jambo la leo. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, kijana mwerevu, hesabu anaweza, kusoma hawezi, na mwalimu wake alisema kama masomo yangekuwa ya mdomo tu basi Percy angekuwa wa kwanza shule nzima. Mimi nikisoma habari ya Percy nawaona watoto wa huku kwetu Kibirizi na Gungu palepale.

Hatua ya 1: Macho na masikio kwanza.

Usishike kitabu kabla mtoto hajapimwa macho na masikio. Watoto wengi huku wana masikio yanayotoa usaha miaka na miaka, mzazi ameshazoea, mtoto asiposikia vizuri sauti atazishikaje? Kama kuna tatizo litibiwe kwanza. Ila mjue pia kwamba disleksia yenyewe haiponi kwa miwani, akikuuzia mtu miwani ya rangi eti herufi zitatulia, hela hiyo nunua madaftari.

Hatua ya 2: Tafuta anapokwama, na usidanganywe na kukariri.

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo tunapokosea wengi. Watoto wetu wana vichwa vya kukariri vya ajabu. Darasa lina watoto tele, wanaimba pamoja ba be bi bo bu, mwalimu anapita na fimbo ubaoni, mtoto anaimba na wenzake, ukurasa wa kitabu anausoma wote bila kosa na kidole anakipitisha, ukiangalia vizuri kidole kiko mstari mwingine na mdomo uko mstari mwingine. Mtoto wa kwanza niliyemsaidia alinipita hivyo wiki nzima. Baba yake mvuvi wa dagaa, na yeye mwenyewe alikuwa anajua mahesabu yote ya makreti na mafuta ya mtumbwi kwa kichwa, nikaamini anasoma. Afu nilipogundua hasomi nikafanya kosa kubwa zaidi, nikampa kunakili ukurasa mara kumi kila siku kwa karibu miezi miwili. Akawa na mwandiko mzuri na hajui alichoandika. Bado naumia nikikumbuka ule muda wake nilioupoteza.

Kwa hiyo mpime hivi. Mwonyeshe silabi bila mpangilio, anza bu, rudi be, nenda ba. Afu mwandikie maneno ambayo hayapo duniani, kama ledu, pimosa, tandufa. Hayo hakuna aliyemkaririsha. Akishindwa hapo ujue herufi na sauti bado hazijakutana. Andika kwenye daftari lako ni zipi zinamshinda, hilo daftari ndilo utakalomwonyesha mtaalamu baadae.

Angalizo moja: mtoto anayesema "rara" badala ya "lala" huyo sio lazima awe na disleksia, nyumbani kwao wanaongea Kiha, ulimi umezoea hivyo. Na kugeuza b na d mpaka miaka saba hivi ni kawaida ya watoto wengi. Tunachoangalia ni shida inayoendelea, mtoto kafundishwa, kahudhuria, umri umeenda, na bado.

Hatua ya 3: Sauti kwa mdomo, bila herufi.

Tafuta visoda kumi. Sema neno bata, mtoto asogeze kisoda kimoja kwa kila sauti, b, a, t, a, vinne. Halafu mwambie toa sauti ya kwanza weka k, imekuwaje? Kata. Weka p? Pata. Wengine itawachukua wiki nzima kuliweza hili na usikasirike, maana hapa ndipo penyewe panapouma kwa mtu mwenye disleksia. Pigeni makofi ya silabi pia, na muwe makini na m, neno mtoto ni makofi matatu, m-to-to, watoto wengi wanapiga mawili, ndio maana wakiandika wanaandika "toto".

Na tafadhali taja sauti ya herufi, sio jina lake. M ni mmm, mdomo umefungwa. Mtoto aliyefundishwa a ba cha da tu, ukimwandikia "bi" anasoma "ba-i" na yeye hana kosa, ndivyo alivyoambiwa.

Hatua ya 4: Herufi ziingie kwa mkono.

Sinia, mchanga wa ziwani uliokauka, basi. Mtoto anaandika herufi kwa kidole huku anatamka sauti yake kwa nguvu, anaiona, anaisikia, anaigusa, vyote kwa pamoja. Njia hii ya kutumia milango mingi ya fahamu haijaanza na sisi, Marekani miaka ya 1930 daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham waliijenga kwa ajili ya watoto wa namna hii na mpaka leo wataalamu wanaifuata. Anza na irabu tano, afu m, t, k, l, s. Usipeleke herufi mpya kabla ya zamani hazijakaa. B na d zitenganishe wiki kadhaa, zikifika wote tunatumia hii: tunatembea kufuata mstari kwenda kulia, b ni baba ana kitambi mbele, d ni dada kabeba mtoto mgongoni. Watoto hawaisahau.

Hatua ya 5: Kukata maneno marefu.

Kiswahili kina neema yake, herufi a ni a popote utakapoikuta. Shida yetu ni urefu. Mtoto anasoma "paka" na "kuku" vizuri, anafika kwenye "hawakutupelekea" anaanza kubahatisha kwa herufi ya kwanza. Chukua kipande cha boksi, kata dirisha dogo, kipitishe juu ya neno lionekane kidogokidogo, ha-wa-ku-tu-pe-le-ke-a. Afu mfundishe vile vipande vinavyojirudia, a-na, wa-li, ha-wa-ku, tu-ta, aviweke kwenye kadi, avizoee kama sura za ndugu zake. Akishavijua, nusu ya neno inasomeka bila jasho. Baadae ndio mlete sh, ch, ny, dh, gh, na ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma ziwekeni pamoja aone tofauti. Maneno kama daktari na labda yaacheni mwisho kwa sababu yanavunja ile desturi ya silabi kuishia na irabu.

Hatua ya 6: Muda.

Dakika 20, kila siku kama inawezekana, mtoto mmoja au wawili, pembeni, wenzake wasimchungulie. Saa mbili za Jumamosi hazifanyi kazi ya dakika 20 za kila siku. Msimu wa dagaa mtoto atakosa, ana kazi ya kuanika asubuhi, msimfokee, anzeni pale alipoachia. Na kila kipindi malizia wewe kumsomea hadithi, yeye asikilize tu, asijekuona kitabu ni adhabu.

Hatua ya 7: Jua mpaka wako.

Wewe wa kujitolea huna ruhusa ya kuandika popote kwamba mtoto fulani ana disleksia. Unaandika ulichokiona: tarehe, herufi, maneno, makosa. Unaongea na mzazi, mnaenda pamoja kwa mwalimu mkuu, kutoka hapo kwa afisa wa elimu maalum wa halmashauri. Walimu waliosomea elimu maalum, kama wale waliopita Chuo cha Patandi kule Arusha, mkimpata mmoja karibu yenu mshikeni. Na siri za mtoto zisitoke, tusisikie jina lake sokoni.

MASWALI YENU

Mama wa Kasulu: Mwanangu yuko la tatu hasomi, shule wanataka arudi la pili, nikubali?

Mama, kurudia peke yake hakumsaidii kama atarudi kufundishwa vilevile. Waulize swali hili kwa upole: akirudi, nani atakaa naye na atafundishwa tofauti vipi? Wakikujibu vizuri unaweza kukubali. Kama hakuna jibu, bora abaki na wenzake apate dakika 20 zake pembeni, maana aibu ya kuachwa na rika lake nayo inamfunga mtoto mdomo.

Mwalimu, Uvinza: Darasani nina watoto zaidi ya 90, hivyo visoda nitafanya saa ngapi?

Mwalimu nakuelewa na siwezi kukudanganya. Fanya haya tu: usimsimamishe asome mbele ya wote kabla hujamwandaa, mpe kifungu jana asome leo. Maswali ya sayansi na maarifa ya jamii muulize kwa mdomo. Ubaoni andika kwa nafasi, asiachiwe kunakili ubao mzima. Makosa ya herufi kwenye somo lisilo la lugha usimkate maksi kama jibu liko sawa. Afu dakika tano za makofi ya silabi kwa darasa lote asubuhi, hiyo inawasaidia wote.

Dada wa Nzega, Tabora: Nina binti wa miaka 14, nikileta kadi za a e i o u analia, anasema mimi sio wa chekechea.

Ana haki kabisa. Hatua ni zilezile ila vitu vibadilishe. Muulize anapenda nini, kama ni kusuka tumia majina ya mitindo, kama ni biashara ya asali tumia vibandiko vya chupa na daftari la wateja. Silabi zikateni kutoka kwenye maneno yake mwenyewe. Mchanga acha, aandike kwa kidole mezani au mgongoni kwa mdogo wake kama mchezo. Na mwambie waziwazi kwamba shida yake ina jina na wapo watu wengi wanaoishi nayo, mimi nimeona wasichana wanashusha pumzi wakiambiwa hivyo.

Baba, Ujiji: Mwalimu mimi ni fundi, nina miaka 41, meseji nasomewa na mke wangu. Nimechelewa?

Hujachelewa mzee wangu, na asante kwa kuuliza mbele ya watu. Mtu mzima anajifunza, kasi inaweza kubaki ndogo ila atasoma. Anza hatua ya 3 kama mtoto tu, na maneno yawe ya kazi yako, msumeno, vipimo, majina ya wateja. Wateja waombe wakutumie sauti badala ya maandishi, wala sio aibu. Na kama mwanao naye ameanza kusumbuka darasani usimchape, kaeni wawili na visoda hivyohivyo.

Mlezi, Kigoma mjini: Kijana alifaulu la saba japo anasoma polepole, kaingia kidato cha kwanza amekuwa wa mwisho. Disleksia inaweza kuja ukubwani?

Haikuja, ilikuwepo. Kwenye Kiswahili mwenye disleksia mara nyingi anasoma sahihi ila taratibu mno, kwa hiyo anapita bila kuonekana. Kiingereza kinamfichua kwa sababu maandishi yake hayanyooki, chukua though, through na cough, herufi za mwisho zilezile nne, sauti tatu tofauti. Mwaka 2001 watafiti walilinganisha watu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza, wakakuta ubongo una udhaifu uleule sehemu ileile, lakini Waitaliano walisoma vizuri kuliko wale wengine kwa sababu lugha yao inaandikwa inavyotamkwa, kama yetu. Kwa hiyo huyo kijana afundishwe Kiingereza kwa makundi ya maneno yanayofanana, night, light, right kwa pamoja, sio orodha ya misamiati hamsini ya kukariri. Apate vitabu vya kusikiliza, simu inaweza kumsomea. Na mapema kabisa, kabla ya usajili wa mtihani, nendeni kwa mkuu wa shule na lile daftari la kumbukumbu muulizie utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalum, kuongezewa muda na mengine. Mkisubiri mwezi wa mtihani mtaambiwa majina yameshaenda.

Mama wa Katubuka: Kuna dawa? Nimeambiwa kuna mafuta ya samaki.

Mama, dawa ya disleksia hakuna, ya hospitali wala ya kienyeji, anayekuuzia anakula hela yako. Mgebuka na dagaa mpe mtoto ni chakula kizuri, ila kusoma atasoma kwa kufundishwa. Kesho jioni mlete hapa na visoda vyake, nitakuonyesha hatua ya 3 ukiona kwa macho.