Somo: Kuchagua bunduki ya kuwindia yenye shabaha na bei nafuu, kwa kuangalia inavyokokiwa

Wadau, msimu ukikaribia swali ni lile lile, kuanzia Igoma na Sengerema mpaka Bariadi: "Nina hela kiasi fulani, ninunue bunduki gani inayopiga pale ninapolenga?" Wengi huanza na jina la kampuni. Mimi nakushauri uanze na namna bunduki inavyoingiza risasi ya pili baada ya ile ya kwanza kutoka. Hapo ndipo bei, shabaha na sheria vinakutana.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya serikali

Usilipie chochote kabla. Maombi ya kumiliki silaha yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji chako, yanapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, na polisi ndio wanaotoa leseni, chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Leseni hiyo si kibali cha kuwinda. Cha kuwinda unakipata upande wa wanyamapori, chini ya sheria ya mwaka 2009, na huko silaha ya kujijaza yenyewe hairuhusiwi kuwindia. Kwa hiyo kundi zima la nusu otomatiki limeshaondoka mezani, hata kama duka la mtandaoni linakuonyesha bei ya kuvutia. Kwa nyati na tembo kaliba (upana wa tundu la mtutu, kwa inchi) ya chini ni .375, hakuna mjadala.

Hatua ya 2: Punguza orodha

Mitutu miwili ya kaliba kubwa, ile ya wawindaji wa kitalii, tuiache. Ni kazi ya fundi wa mkono anayeilinganisha mitutu yote ipige sehemu moja kwa umbali uliopangwa, na bei yake unaweza kujenga nyumba Buhongwa.

Za pampu, unazokoki kwa kuvuta na kusukuma kishikio chini ya mtutu, ni adimu kwetu. Za leva, zile za kwenye sinema za Marekani zenye kishikio cha kushusha karibu na kifyatuo, ni nyepesi na zinapendeza porini. Shida ni kwamba nyingi zina magazini (sehemu ya kuwekea risasi) ya bomba chini ya mtutu: risasi zinapangana, ncha ya moja ikigusa kitako cha iliyo mbele. Ndiyo maana risasi zake za kawaida zina kichwa bapa. Ncha kali inaweza kugonga fataki (kiwashio cha baruti kwenye kitako) ya mwenzake ikalipuka. Kichwa bapa kinapunguza mwendo haraka hewani. Isitoshe, .30-30, kaliba yake ya kawaida, utaitafuta Mwanza nzima mpaka uchoke.

Ya risasi moja, inayokunjwa kama shotigani, naiheshimu. Vyuma vichache, bei chini, na shabaha yake haina aibu. Ila ukikosa, mnyama hakusubiri ufungue, utoe ganda, uingize nyingine. Kwa mtu mtulivu anayepiga swala, inatosha kabisa.

Hatua ya 3: Boliti, na kwa nini

Boliti ni komeo la chuma unaloinua, kuvuta na kusukuma kwa mkono kuingiza risasi. Hapa ndipo wengi wetu tunaishia, na si kwa mazoea tu. Boliti ukiifunga, meno yake yanakaa nyuma ya risasi chuma kwa chuma, na hakuna kinachotembea mpaka wewe uinue mkono. Risasi inakaa vilevile kila mara, na shabaha ni kurudia jambo lilelile bila kubadilika.

Mfumo wa Mauser wa 1898 una kucha ndefu inayoshika ganda tangu linapotoka kwenye magazini. Hata ukikoki umekaa vibaya, risasi haidondoki. Ndiyo sababu CZ 550 na Brno za zamani, bunduki za Ucheki, zinapendwa kwa nyati. Zastava ya Serbia inafuata ukoo huohuo.

Za kisasa za bei nafuu, kama Ruger American au Savage, nyingi husukuma risasi tu, kisha kucha ndogo inalishika ganda likishaingia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Watu wazima wanazibeza kwa sababu ya kitako cha plastiki. Wanakosea. Savage tangu 110 ya mwaka 1958 inafunga mtutu kwa nati, hivyo kiwanda kinaweka nafasi ya chemba sawasawa bila kulipa saa nyingi za fundi. Ruger American inakalia vipande vya chuma vyenye umbo la V ndani ya plastiki, nayo haichezi. Urahisi wa bei umetoka kwenye namna ya kutengeneza, mtutu wenyewe haukudhulumiwa.

Hatua ya 4: Kaliba ifuate duka

Uliza kwanza wauzaji wenye leseni wana risasi gani mwaka mzima. .308 (1952) na .30-06 (1906) zinatosha kwa wanyama wa kawaida, na tofauti yao porini ni ndogo kuliko kelele za vijiweni. Ukitaka bunduki moja ya kila kitu hadi nyati, .375 H&H (Holland & Holland) ya mwaka 1912 bado ipo, ila inapiga bega, na bega likiogopa, shabaha inakwenda.

Hatua ya 5: Kukagua iliyotumika

Toa magazini, fungua boliti, angalia chemba, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe ni tupu. Toa boliti yote. Elekeza mdomo wa mtutu kwenye mwanga na uchungulie kutokea nyuma. Mifuo, ile mifereji ya ndani inayozungusha risasi, iwe na kingo kali, inang'aa. Ukiona vidoa vyeusi vya kutu karibu na chemba, mwenye nayo alipiga risasi za zamani zenye chumvi kwenye fataki na hakusafisha. Achana nayo.

Angalia mdomo wa mtutu: pengo dogo pale linatosha kuharibu shabaha yote. Kisha chukua noti ya elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na kitako. Kama bunduki ilitengenezwa mtutu uelee (usiguse kitako), noti ipite hadi karibu na chemba. Ikikwama, mbao imevimba, na kwa unyevu wa ziwa hilo ni la kawaida. Fundi analimaliza.

Boliti ya Mauser ikiwa nyuma inacheza kidogo, usiogope. Ikifungwa isicheze.

Hatua ya 6: Gawa hela

Usimalize zote kwenye bunduki. Darubini ya heshima, vishikizo imara, na risasi za mazoezi. Bunduki nyingi "zinazotawanya" zina skrubu za darubini zilizolegea tu. Pima kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, mita 100, bunduki ikiwa imeegemezwa, na mtutu uachwe upoe. Matundu matano ndani ya sentimita 5 yanatosha kuwinda.

Maswali ya wanachama

Mdau wa Misungwi: Mkuu, tangazo linasema bunduki "ni ya MOA moja". Ndiyo nini?

MOA ni dakika ya pembe, kipimo cha mtawanyiko wa matundu: takriban sentimita 2.9 kwa mita 100. Uliza ni risasi tatu au tano, na ilipigwa mara ngapi. Matatu mazuri yanaweza kuwa bahati.

Mkulima, Magu: Nguruwe pori wanamaliza mihogo. Nichukue boliti?

Kaka, anza kwa afisa wanyamapori wa wilaya, huyo ndiye mwenye utaratibu. Na pale mashambani kwenye nyumba za watu, kichwa cha .308 kinaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu kikikosa. Shotigani ina nafasi yake.

Wa Ukerewe: Yangu inashika kutu hata nikiifuta.

Kutu haiji kwa maji ya mvua tu. Bunduki ikitoka kwenye baridi na kuingia joto la mchana inatoka jasho. Iache nje ya mfuko wake ikauke, ipake mafuta mepesi, na ndani ya mtutu pia; kabla ya kupiga yafute. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa sponji, unashika unyevu.

Mama Kulwa: Shikamoo. Marehemu mume wangu ameacha Brno. Nampa mwanangu?

Marahaba mama, pole sana. Leseni haihami na damu. Toa taarifa kituo cha polisi, waishike kwa maandishi, na mwanao aombe yake kwa jina lake. Kabla hamjaigusa, mwite askari aifungue. Usimruhusu kijana "kuangalia kama ina kitu".

Mashoto wa Nyegezi: Mimi natumia mkono wa kushoto. Boliti si shida?

Ni usumbufu, si kikwazo. Savage na Ruger wanatengeneza za mashoto kwenye baadhi ya matoleo, ila dukani kwetu utasubiri kuagiziwa, na ulipie zaidi. Mimi ningekwenda kwenye ile ya risasi moja ya kukunja: haijali mkono.